Uzi: Riwaya za Kiswahili za aina mbalimbali, na namna ya kuisoma kila aina

Mla_Kurasa

Wakuu, salaam.

Naweka hapa maoni juu ya riwaya nilizomaliza karibuni: upelelezi, ujasusi, historia, falsafa na tafsiri kidogo. Mtindo wa "dhamira, ujumbe, wahusika, mandhari" nimeuacha kwa makusudi. Darasani una kazi yake, lakini ndio huohuo unaomfanya mtu mzima aseme Kuli ya Adam Shafi ni nzuri kwa kuwa ina mafunzo, na Nagona ya Euphrase Kezilahabi ni mbaya kwa kuwa haieleweki. Lalamiko kubwa la wasomaji wetu, kwa maoni yangu, linatokana na kuisoma riwaya ya aina moja kwa macho ya aina nyingine.

Nianze na upelelezi, maana ndiyo aina inayodharauliwa kuliko zote na ndiyo inayosomwa vibaya kuliko zote.

Mzimu wa Watu wa Kale ya Muhammed Said Abdulla ilishinda shindano la uandishi la mwaka 1957/58, ikachapishwa 1960. Humo ndimo alimoingia mpelelezi Bwana Msa na kiko chake, pamoja na rafiki yake Najum. Msomaji wa haraka hukimbilia kumtafuta muuaji, akifika katikati kapotea. Kinachompoteza ni kwamba fumbo la Bwana Msa mara nyingi halimo kwenye silaha wala nyayo, limo kwenye nasaba: nani mtoto wa nani, nani aliwahi kumwoa nani, nani atarithi nini, nani anajulikana kwa jina ambalo si lake. Wenyeji wanautaja mzimu, yeye anauliza habari za ndoa na mirathi.

Kwa hiyo chukua karatasi moja, ichore safu tano. Kila mtu anapotajwa mara ya kwanza andika jina, lakabu, jina la baba, mahali anapoishi, na nani aliyemtaja. Safu hii ya mwisho watu huiona ya ziada, kumbe ndiyo yenye kazi kubwa, kwa sababu habari za ukoo katika riwaya hizi hutolewa na wahusika wenyewe, na wahusika wanasema uongo. Ukiona habari ya uzazi wa mtu imetoka kwenye mdomo mmoja tu, itie alama. Karatasi hiyohiyo itakufaa kwa Kisima cha Giningi (1968), Duniani Kuna Watu (1973) na Siri ya Sifuri (1974).

Kasoro ninayoiona: mwisho una maelezo mengi mno. Bwana Msa anakaa, anafafanua, na hadithi inasimama kumsubiri amalize. Lakini Kiswahili chake, hasa mazungumzo ya barazani, kinatosha peke yake kumfanya mtu anunue kitabu.

Ujasusi ni kitu kingine kabisa. Jasusi Willy Gamba wa Elvis Musiba katika Kufa na Kupona (1974), Kikosi cha Kisasi (1979) na Njama (1981) hataki karatasi. Ukianza kuchunguza dalili unapoteza muda, kwa sababu ushahidi unapatikana kwa mapambano, si kwa kufikiri. Unachohitaji ni tarehe. Kamati ya Ukombozi ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika ilikuwa na makao yake Dar es Salaam tangu 1963. Msumbiji na Angola zilipata uhuru 1975, Zimbabwe 1980, na Afrika Kusini ya makaburu ilikuwa bado imesimama. Ukiyajua hayo, hofu ya vitabu hivi inakuwa hofu ya kweli. Usipoyajua, unabaki na bastola, magari na wanawake wazuri, na wanawake wenyewe wameandikwa juujuu.

Historia: Adam Shafi. Nashauri asomwe kwa mpangilio wa matukio, si wa kuchapishwa. Kuli (1979) inahusu wafanyakazi wa bandari ya Unguja na mgomo wa 1948. Vuta N'kuvute (1999) inaingia miaka ya 1950, harakati za kudai uhuru. Kasri ya Mwinyi Fuad (1978) inafika kwenye Mapinduzi ya Januari 1964. Haini (2003) inaelekea kwenye jela na mateso yaliyofuata kuuawa kwa Karume, Aprili 1972. Kwa mpangilio huo unapata takriban miaka 25 ya Zanzibar mkononi mwa mwandishi mmoja.

Mapenzi nitapita haraka. Mfadhili ya Hussein Tuwa ina msuko mzuri, inavuta machozi kwa kukusudia, na haijifichi. Isome kwa siku mbili mfululizo. Ukiikatakata utaanza kuhesabu sadfa za msuko badala ya kuwaonea huruma watu.

Karibuni.

Kibaraza_Unguja

Mkuu, ahsante kwa uzi. Kwenye Bwana Msa tuko pamoja. Kwenye Adam Shafi napinga, na napinga kwa nguvu.

Ukimsoma kwa mpangilio wa matukio unamfanya mwalimu wa historia. Ukimsoma kwa mpangilio wa kuchapishwa unamwona mtu anavyofikiri upya. Kasri ya Mwinyi Fuad, 1978, imeandikwa kwa yakini: bwana ni bwana, mtumwa wa kasri ni mtumwa, Kijakazi mtiifu mpaka unaumia, na Mapinduzi ndiyo jibu. Kuli inafuata mwaka mmoja baadaye na yakini ileile. Rashidi anakua kutoka kijana wa bandarini mpaka mtu anayejua kwa nini anagoma. Halafu kinapita kimya cha miaka 20. Inapokuja Vuta N'kuvute, sauti imebadilika. Yasmin, msichana wa Kihindi aliyeozwa kwa Raza, mwanamume wa kumzaa, haendi popote kwa mstari ulionyooka. Denge, mpigania uhuru, ana siasa zake, ila mwandishi hakubali siasa zimle Yasmin. Kisha Haini, 2003: wafungwa ni watu waliokuwa ndani ya nchi iliyozaliwa na yale Mapinduzi ya kitabu cha kwanza. Hatua hiyo, kutoka Kasri hadi Haini, ndiyo riwaya kubwa aliyoiandika Adam Shafi, na mpangilio wako unaifuta.

Jambo la pili ni mahali. Anayesoma Vuta N'kuvute bila kujua tofauti ya Mji Mkongwe na Ng'ambo, mitaa ya Waafrika nje yake, anakosa nusu ya kitabu. Yasmin anapotoka kwa Raza na kuingia kwa rafiki yake Mwajuma hahami nyumba tu. Anavuka mpaka wa rangi, wa kipato, wa muziki, wa namna ya kukaa na kula. Tafuta ramani ya mji wa Unguja ya zamani, uiweke kando. Kila mhusika anapotembea, jiulize kavuka upande gani na ni saa ngapi.

Waliotazama filamu ya Amil Shivji ya 2021 wasidhani wamekwisha kusoma. Filamu imechagua mapenzi ya Yasmin na Denge. Kitabu kina watu wengi zaidi na kinampa Mwajuma nafasi kubwa, na bila Mwajuma hakuna Yasmin.

Mla_Kurasa

Kibaraza, hoja ya Kasri na Haini nimeipokea, ina uzito. Hata hivyo kwa msomaji asiyejua chochote kuhusu 1948 wala 1964 bado naanza na matukio, halafu usomaji wa pili uende kwa miaka ya kuchapishwa. Anayeijua historia ya Visiwani aanze na njia yako moja kwa moja.

Nyota_ya_Voi

Hamjambo nyote. Swali kutoka huku Kenya. Msamiati wa Unguja na Pemba unawashinda wasomaji wengi wa bara, wanaacha kitabu ukurasa wa ishirini. Nyota ya Rehema (1976) ya Mohamed Suleiman Mohamed ni mfano: lugha yake ni tamu mno lakini imejaa maneno ya mashamba, ya nguo, ya mapishi. Mnatumia kamusi gani, na mnaitumia vipi bila kuua utamu?

Kibaraza_Unguja

Dada, kamusi moja haitoshi. Kamusi ya Kiswahili Sanifu ya TUKI (1981, toleo la pili 2004, la tatu 2013) ni ya msingi. Kamusi Kuu ya BAKITA ina maneno mengi zaidi. Kwa waandishi wa Visiwani ongeza Kamusi la Kiswahili Fasaha la BAKIZA (2010), ambalo limebeba maneno mengi ya huku yasiyopewa nafasi kwingineko.

Namna ya kuitumia: usifungue kamusi katikati ya sura. Neno usilolijua lipigie mstari mdogo kwa penseli, endelea. Sura ikiisha, hesabu. Neno lililojitokeza mara moja tu na halikukuzuia kumfuata mhusika, liache. Lililojirudia mara tatu au zaidi, litafute. Kwa Nyota ya Rehema utaona yanayojirudia ni ya kilimo na ardhi, na hilo lenyewe linakufundisha kitabu kinahusu nini: Rehema na Sulubu, na shamba ambalo watu wengine wanataka kulinyakua. Asiyejali msamiati wa shamba hukisoma kama hadithi ya msichana aliyekataliwa na baba yake tu, na mwisho unamshangaza bila sababu.

Kiu (1972) ya mwandishi huyohuyo ni nyepesi zaidi. Anza nayo. Idi, Bahati na Mwinyi, tamaa ya mali imefungwa ndani ya mapenzi, na msuko umekazwa vizuri sana.

Jabali_la_Kusini

Wakuu, turudi kwenye Nagona. Mla_Kurasa umeitaja ukapita. Kitabu chenyewe hakifiki kurasa mia, lakini watu wanakiacha. Kisomweje?

Mla_Kurasa

Mkuu Jabali, jibu ni refu kidogo.

Kwanza, usianze na Nagona. Euphrase Kezilahabi alifika pale kwa ngazi, na msomaji apande ngazi zilezile. Rosa Mistika (1971) ina msuko ulionyooka: kijiji cha Ukerewe, baba mkali na mlevi, binti aliyefungiwa mno kisha akaachiwa ghafla. Ilizuiwa mashuleni kwa muda, lakini ugumu wake ni wa kimaadili, si wa kuelewa. Kichwamaji (1974) ndiyo ngazi muhimu kuliko zote: Kazimoto ni msomi anayejiuliza kama maisha yana maana, na hapati jibu la kumridhisha. Dunia Uwanja wa Fujo (1975) na Gamba la Nyoka (1979) zinaliingiza swali hilo kwenye siasa za Ujamaa. Ukiwa na haraka, soma Rosa Mistika na Kichwamaji tu, kisha njoo Nagona (1990).

Pili, Nagona ni swali la Kazimoto lililovuliwa kijiji, jina, tarehe na ukoo. Msimulizi ni "mimi". Anapita mahali pasipo na ramani, anamfuata paa, anakutana na watu wenye majina ya wanafalsafa, na anaelekea kwenye ngoma kuu. Anayeuliza "hapa ni nchi gani, na hii ni miaka ya ngapi" ameshaanza kukwama, kwa sababu maswali hayo ni ya Kuli.

Hatua zenyewe ni hizi. Usomaji wa kwanza uwe wa mkupuo mmoja au miwili, bila penseli. Soma kwa sauti pale sentensi zinapokuwa fupi; Kezilahabi alikuwa mshairi wa mashairi huru na mapigo yake yanasikika mdomoni kuliko machoni. Usirudi nyuma hata ukiona umepotea. Usomaji wa pili, baada ya siku chache, ndio wa penseli: zungushia duara picha zinazojirudia, kwa mfano paa, mwanga na giza, mwangwi, kitabu, duara lenyewe. Andika pembeni nambari ya ukurasa wa mara iliyotangulia. Ukimaliza, fuata picha moja tu kutoka mwanzo hadi mwisho. Paa peke yake anatosha: anapoonekana, nini kimetoka kutokea, na msimulizi anataka nini wakati huo.

Kosa kubwa ni kutafsiri kila ishara papo hapo: paa ni ukweli, mji ni jamii, mzee ni mila. Baada ya kurasa kumi una orodha ya tafsiri na huna riwaya. Ishara za Nagona hubadilika kadiri msimulizi anavyosogea, kwa hiyo tafsiri ya ukurasa wa 5 huwa imepitwa ukifika wa 40.

Mzingile (1991) isome mara tu baada ya hapo, wakati masikio bado yamezoea. Msimulizi anatumwa kumpelekea mzee habari za kifo cha mwanawe, na ukishajua huyo mzee anaweza kuwa nani, uzito wa safari nzima unabadilika.

Nyota_ya_Voi

Niongeze njia nyingine kwa wanaoiona ngazi hiyo ndefu. Babu Alipofufuka (2001) ya Said Ahmed Mohamed ina mzimu, lakini imesimama kwenye ardhi tunayoijua. K ni kigogo aliyeshiba, babu yake anatoka kuzimu na kumwonyesha nchi ilivyo. Msomaji anajua nani mbaya na kwa nini. Ni daraja zuri kutoka kwenye uhalisia. Baada yake soma Bina-Adamu! (2002) ya Kyallo Wadi Wamitila: safari ya kumsaka P.P. katika kijiji cha utandawazi, sauti ya Hanna ikiongoza. Hii inadai kitu ambacho Nagona haidai, yaani habari za dunia. Njaa, vita, madeni ya nchi maskini na vitabu vya waandishi wengine vimo ndani kwa vidokezo. Usipokitambua kidokezo, tukio linaonekana kichekesho kisicho na sababu. Soma sura moja, kisha jiulize inaishambulia taasisi au tabia gani ya dunia hii.

Na tusisahau Walenisi (1995) ya Katama Mkangi, maana watu husema Kiswahili hakina bunilizi ya kisayansi. Dzombo anahukumiwa kifo: anawekwa ndani ya chombo cha angani arushwe apotelee huko. Anajifunza kukiendesha humohumo, anatua kwenye sayari nyingine. Sehemu ya kwanza, mpaka anapotua, ina mvutano mkali. Sehemu ya pili wengi huichoka kwa kuwa wanangojea vita vya angani, na kinachokuja ni jamii iliyopangwa upya: kazi, mali, ndoa, uongozi. Mwandishi aliwahi kuwekwa kizuizini kwa siasa zake miaka ya 1980, na alikuwa msomi wa sosholojia. Hiyo sehemu ya pili ndiyo aliyoikusudia. Isome polepole, kila mara ukiuliza utaratibu ule ungefanya kazi kwetu au la. Mimi naona mahali fulani anahubiri mno, hasa wahusika wa sayari ile wanapokuwa wema bila kasoro. Lakini ujasiri wa umbo lake haujafuatwa na wengi.

Mtumbwi_wa_Nansio

Naona mmezunguka ziwa bila kutia mguu. Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka ya Aniceti Kitereza mmeiacha, na ndiyo ndefu na ndiyo inayoachwa njiani kuliko zote.

Aliimaliza kwa Kikerewe mwaka 1945. Kiswahili chake, alichokitafsiri mwenyewe, kilichapishwa 1980, na yeye akafariki 1981. Kisa kinasemeka kwa sentensi mbili: mume na mke hawapati mtoto, wakwe wanamchukua binti yao, mume anakwenda kumkomboa na anatozwa pombe ya ndizi. Baadaye wanapata dawa, wanazaa Ntulanalwo na Bulihwali.

Msomaji anayetafuta msuko ataona kurasa nyingi za salamu, maandalizi ya pombe, kilimo, uvuvi, matibabu, namna ya kumkaribisha mgeni, na atazirusha. Akizirusha amekirusha kitabu. Kitereza aliandika ili mambo ya Wakerewe yasipotee, na akayaweka kwa mpangilio wa utendaji: nini huja kwanza, nani anafanya, kwa chombo gani, kwa maneno gani. Sehemu ya pombe ya kumkomboa mke isome kwa makini ya fundi. Ndizi lazima ziive, zikamuliwe, pombe ikae, kisha ibebwe njia nzima, na siku za wakwe hazingoji. Hapo ndipo wasiwasi wa hadithi ulipo. Myombekere hapigani na adui, anashindana na muda wa ndizi kuiva na heshima ya ukwe.

Kipimo kizuri ni sura moja kwa siku, si zaidi. Ukisoma sura tano kwa pamoja salamu zitakuchosha. Ukisoma moja, utaanza kuona salamu ya mkwe ilivyo tofauti na ya jirani, na nani kapunguza heshima kwa makusudi. Andika pembeni uhusiano wa kila mgeni anayeingia nyumbani. Usijaribu kukariri majina ya miti na dawa.

Ukimaliza hiyo ndipo Rosa Mistika itakushtua sawasawa. Ni Ukerewe ileile, miaka mingi baada ya ulimwengu wa Kitereza, na hakuna aliyebaki wa kumfundisha binti kwa utaratibu ule.

Jabali_la_Kusini

Ahsanteni sana, hasa kwa hatua za Nagona. La mwisho: tafsiri. Peponi inafaa kuanza nayo kwa mtu aliyezoea Adam Shafi?

Kibaraza_Unguja

Inafaa sana. Peponi ni riwaya ya Abdulrazak Gurnah, iliyotafsiriwa na Ida Hadjivayanis na kutoka 2022, mwaka mmoja baada ya Gurnah kupata Nobeli ya fasihi. Yusuf, mvulana wa miaka 12, anachukuliwa na tajiri Aziz kwa sababu ya deni la baba yake, na hajui kuwa yeye ndiye rehani. Aliyezoea Adam Shafi atangoja mtu asimame agome. Hapa hasimami mtu. Macho yawe kwenye madeni: kila anapotajwa mtu anayedaiwa, andika anadaiwa na nani na analipa kwa nini, kazi, binti, mwana au kimya. Utaona msafara wote wa bara umefungwa kwa kamba hiyo, na mwisho wake, Wajerumani na askari wao wanapofika, utaeleweka.

Mla_Kurasa

Angalizo kwa wanaonunua vitabu vilivyotumika, maana nyingi kati ya hizi zinapatikana mitaani kuliko dukani. Vitabu hufungwa kwa mafungu, mara nyingi ya kurasa 16 au 32, na fungu likichomoka au likiwekwa mara mbili kiwandani, huoni kwa nje. Kabla ya kulipa fungua nambari za kurasa kwa kuruka 16: 16, 32, 48, kuendelea. Halafu tazama kurasa mbili za mwisho kama zimo. Kwa nakala za fotokopi angalia ukingo wa ndani, herufi mbili tatu za kila mstari humezwa na mkunjo. Kwa nakala zilizoskaniwa na kugeuzwa maandishi, alama ya ng' hupotea au ikageuka herufi nyingine, na aya huungana. Kwenye Kuli utagundua upesi kwamba kurasa hazipo. Kwenye Nagona hutagundua, utadhani ndivyo ilivyoandikwa, kwa hiyo kitabu hicho kikague ukurasa kwa ukurasa palepale kwa muuzaji.